Wakunga Waliomcha Mungu
Somo juu ya kuwalinda watoto wachanga na ukeketaji

Someni kwanza: Kutoka 1:15–21, Kutoka 2:1–10, Yohana 9:1–7.



Farao alipotaka kuwaua Waebrania, hakuwaendea wanaume wenye nguvu. Aliwaendea watoto siku ya kuzaliwa kwao, maana mtoto mchanga hana ulimi wa kujitetea wala miguu ya kukimbilia, na tena nyumba ya mzazi ina mlango uliofungwa. Akawaita wakunga wawili, Shifra na Pua, akawaagiza wamwue kila mtoto wa kiume azaliwapo. Amri ile ilitegemea jambo moja tu, kwamba wale walio karibu na mtoto wakubali kutumika na kunyamaza. Nao hawakukubali. Maandiko yatupa sababu yake kwa ufupi sana: wanawake wale walimcha Mungu.

Katika sura ifuatayo twasoma habari za mama aliyemficha mwanawe miezi mitatu, na dada aliyesimama mbali penye mto ili aone litakalompata ndugu yake, na binti Farao aliyesikia kilio, akahurumia. Angalieni, ndugu: kabla Musa hajajua kusema neno moja, aliokolewa kwa mikono ya wanawake waliokuwa karibu naye, kila mmoja kwa sehemu yake. Basi katika somo hili yatupasa kujiuliza: Katika usharika wetu, ni nani asimamaye karibu na mtoto mchanga? Naye afanya nini?

I. Jambo lifanywalo kwa siri

Wengi wetu tusikiapo habari za ukeketaji, twawaza wasichana wakubwa wanaoingizwa utu uzima kwa ngoma na karamu, na ngariba ajulikanaye na kijiji kizima. Desturi hiyo ingaliko mahali pengine. Lakini katika Tanzania ya kati, hasa pande za Singida, Dodoma na Manyara, kuna namna nyingine isiyo na ngoma. Hapo akatwaye ni mtoto mchanga, pengine wa siku chache au wa majuma machache, naye hukatwa ndani ya nyumba, na bibi yake au na mwanamke mwingine ajuaye kazi hiyo. Jirani hasikii ila kilio cha mtoto, na kila mtoto hulia.

Tuzitazame hesabu. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 1996, wanawake 18 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2015–16 walikuwa 10, na katika ule wa mwaka 2022 walikuwa 8. Kwa hayo twamshukuru Mungu. Lakini hesabu ya nchi nzima yaweza kuficha hesabu ya mahali pamoja. Uchunguzi ule wa 2015–16 uliona wanawake 58 katika kila 100 huko Manyara, 47 huko Dodoma, na 31 huko Singida. Nao ulionyesha jambo lingine la kutuhuzunisha: katika kila wanawake 100 waliokeketwa, 35 walikatwa kabla hawajatimiza mwaka mmoja. Hao hawakuulizwa neno, wala hawana kumbukumbu ya siku ile. Wengine hawakujua ila walipokuwa wakubwa.

Tangu mwaka 1998 sheria ya Tanzania yahesabu jambo hili kuwa ukatili juu ya mtoto. Mtu aliye na ulezi wa msichana wa chini ya miaka 18, akimkeketa au akisababisha akeketwe, aweza kufungwa miaka isiyopungua 5 wala kuzidi 15, au kutozwa faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Sheria hiyo ni njema. Lakini mtu asiyegeuka moyo hutafuta njia ya kuikwepa, na mtoto mchanga ndiye njia iliyo rahisi: hakuna karamu itakayoonwa, kidonda hupona ndani ya nguo, na aliyeumizwa hawezi kushuhudia.

Hata hivyo tusiseme kwamba sheria ndiyo iliyoleta jambo hili. Karibu wanawake wote waliohesabiwa mwaka 2015–16 walikuwa wamekwisha kuzaliwa kabla ya mwaka 1998. Kisu kiliwafikia watoto wachanga kabla ya sheria. Kuna mzizi mwingine, nao ni hofu. Tusipoujua mzizi huo, tutakata matawi kila mwaka, nayo yatachipuka.

II. Hofu ya lawalawa

Katika nchi hizo kuna ugonjwa watu wauitao lawalawa. Mtoto huwashwa sehemu za siri, hutoka vidonda au maji yenye harufu, hulia akojoapo, na pengine hushikwa na homa. Mama aliyekesha usiku kucha na mtoto wa namna hiyo hahitaji kuambiwa kwamba ni mateso.

Katika miaka iliyofuata 1970 ilienea habari kwamba lawalawa haiponi kwa dawa ya hospitali, ila kwa kumkata mtoto wa kike. Wengine walisema ni hasira ya wazee waliokufa, kwa kuwa desturi yao imeachwa. Hivyo mama aliyekuwa amekwisha kuikataa desturi kwa ajili ya ngoma, aliirudia kwa ajili ya dawa. Hakuona kwamba anamdhuru mtoto. Aliona kwamba anamponya. Ndugu, tulifahamu sana jambo hili. Mara nyingi mkono ushikao wembe si mkono wa mtu achukiaye mtoto. Ni mkono wa bibi aogopaye mjukuu wake asife.

Basi yatupasa kujibu hofu kwa kweli. Dalili ziitwazo lawalawa ni za magonjwa ambayo waganga wa hospitali wayajua vema: ni uambukizo wa njia ya mkojo, au wa ngozi na sehemu za siri, uletwao na vijidudu au kuvu. Huwapata watoto wa kike, na wa kiume pia wanaweza kuambukizwa njia ya mkojo. Huzidi mahali ambapo maji ni haba na nguo za mtoto hazibadilishwi upesi. Nasi twajua jinsi nchi ya Singida na Dodoma ilivyo kavu, na jinsi mama atembeavyo mbali kwa ndoo moja. Dawa yake ni hii: mtoto apelekwe zahanati apimwe na kupewa dawa impasayo, aoshwe kwa maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma, akaushwe vizuri, na nguo zake zifuliwe na kuanikwa juani. Kumkata hakuondoi kijidudu hata kimoja. Kunaongeza kidonda kipya mahali palipokuwa pagonjwa, na wembe mchafu huleta uambukizo mwingine.

Na juu ya hasira ya wazee, Bwana wetu mwenyewe ametujibu. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana aliwakatalia yote mawili. Kisha hakusimama kubishana nao, bali alimponya yule mtu. Tujifunze utaratibu huo. Mtoto awapo mgonjwa, Mkristo haulizi ni nani aliyekasirika. Auliza ni nini kitakachomsaidia, akaenda kukitafuta.

III. Limpatalo mtoto

Mtoto mchanga wa kilo 3 ana damu mwilini mwake ipatayo robo lita, yaani kama kikombe kimoja cha chai. Mtu mzima akimwaga damu ya kujaza vijiko vichache, haoni neno. Mtoto mchanga akimwaga kiasi hicho hicho, uhai wake umo hatarini. Tena kidonda chaweza kuingiwa na pepopunda; na kama wembe mmoja watumika kwa watoto wawili, magonjwa ya damu hupita kutoka kwa mmoja hata kwa mwingine.

Aponaye hajamaliza. Kovu laweza kuziba njia ya mkojo, na baadaye kuleta maumivu ya hedhi na ya ndoa. Tena lamfuata hata siku ya kuzaa kwake. Shirika la Afya Duniani lilichunguza wanawake 28,393 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, na habari zake zilitolewa mwaka 2006. Ilionekana kwamba waliokeketwa walitokwa na damu nyingi zaidi wakati wa kuzaa, na wengi zaidi walihitaji kupasuliwa. Na watoto wa wale waliokatwa kwa namna iliyo kali zaidi walikuwa katika hatari ya kufa siku za kuzaliwa iliyozidi ya wengine kwa sehemu 55 katika 100. Hivyo bibi amkatapo mjukuu, aweka hatari juu ya kitukuu asiyezaliwa bado.

Wala hakuna faida moja ya mwili iliyoonekana ya kuweka katika mizani upande wa pili.

IV. Je, Mungu ameagiza?

Walimu wataulizwa swali hili, nao wawe tayari. Wako watu wasemao: Tohara imo katika Biblia. Jibu lake ni wazi. Mungu alimwagiza Ibrahimu juu ya watoto wa kiume (Mwanzo 17). Hakuna mahali katika Maandiko yote, tangu Mwanzo hata Ufunuo, palipoagizwa kumkata mtoto wa kike. Tena katika Wakolosai 2:11–12 mtume Paulo afundisha kwamba walio wa Kristo wametahiriwa kwa tohara isiyofanywa kwa mikono, akaiunganisha na ubatizo. Basi sisi tunaowaleta watoto wetu wachanga kwenye maji ya ubatizo twakiri nini? Twakiri kwamba mtoto huyu amepokewa kuwa mali ya Kristo mzima mzima. Hakupungukiwa na kitu ambacho wembe waweza kukiongeza, wala hana kilichozidi ambacho yapasa kukiondoa.

Tumejifunza sote Katekisimo Ndogo. Amri ya tano, kama Luther aielezavyo, haitukatazi kuua tu. Yatukataza kuudhuru mwili wa jirani, na kutuagiza tumsaidie katika kila shida ya mwili. Ni nani aliye jirani wa karibu zaidi kuliko mtoto alalaye katika nguo zetu? Na amri ya nne itupasayo kuwaheshimu wazazi haivunji amri ya tano. Shifra na Pua walijua mamlaka ya mfalme, lakini mfalme alipoagiza ubaya juu ya watoto walimcha Mungu kwanza. Vivyo hivyo binti awezaye kumheshimu mama mkwe katika mambo yote, katika jambo hili aweza kusema kwa adabu: Mama, mtoto huyu hatakatwa.

V. Yatupasayo kufanya

Wazazi. Maneno yaanze mapema. Ubatizo ukikaribia, pengine jambo limekwisha kufanyika. Kwa hiyo mume na mke wapatane kabla mtoto hajazaliwa, na baba aseme wazi mbele ya mama yake na dada zake kwamba binti yake hataguswa. Baba wengi hujificha nyuma ya neno hili, kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Si mambo ya wanawake. Ni mtoto wake. Mke mgeni katika ukoo hana nguvu ya kusema peke yake, na mume akinyamaza amemwacha mbele ya wakwe bila msaada.

Bibi na wakunga. Ninyi ndio warithi wa Shifra na Pua. Hakuna mchungaji wala askari awezaye kuwapo usiku ule mtoto azaliwapo, ninyi mpo. Mama mzee mmoja akisimama katika umoja wa wanawake na kusema kwamba ameacha kazi ile na kwamba mjukuu wake alipona lawalawa kwa dawa ya zahanati, amefundisha zaidi ya hotuba kumi.

Wadhamini wa ubatizo. Mliahidi mbele ya Mungu na usharika kumwangalia mtoto. Ahadi hiyo isiishe siku ya karamu. Mtembeleeni. Ulizeni kadi ya kliniki. Mtoto hutakiwa kupelekwa kwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mtoto wa kike afichwaye siku hizo bila sababu, au aliaye kwa uchungu kila akojoapo, apelekwe kwa mganga bila kungoja.

Walimu na wazee wa usharika. Fundisheni habari hizi katika mafundisho ya ndoa na ya Kipaimara, wala msiwaachie wanawake peke yao kuzisikia. Alikeni muuguzi wa zahanati aje aeleze habari za lawalawa, maana wengi watamsadiki yeye kuliko ninyi katika mambo ya dawa, na ni haki. Tena usharika ulio na mvua katika paa lake na hauna pipa la kukingia maji, utafute pipa. Kuwapatia akina mama maji ni sehemu ya somo hili.

VI. Jambo lililo gumu

Tufanye mfano. Mzee wa usharika anapata habari kwamba katika nyumba ya jirani yake, mtoto wa siku 20 atakatwa Jumamosi, na atakayemkata ni bibi yake, mshiriki mwaminifu, mwimbaji wa kwaya. Afanye nini? Aweza kusema moyoni: Nikinena, nitavunja nyumba ya watu, afadhali niombe.

Aombe, ndiyo. Kisha ainuke aende siku hiyo hiyo. Azungumze na wazazi na bibi kwa upole, pamoja na muuguzi kama aweza kumpata. Azungumze nao juu ya hofu yao, wala asianze na gereza. Mara nyingi wazazi wenyewe wangojea mtu wa kuwasaidia kukataa. Lakini asipoona badiliko, asingoje Jumamosi. Mama na mtoto wapelekwe mahali pa salama, na habari zifike kwa afisa ustawi wa jamii, au serikali ya kijiji, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Tena iko simu ya watoto 116. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwagiza kila mtu katika jamii ajuaye kwamba haki ya mtoto yavunjwa, apeleke habari kwa serikali ya mahali pale. Hivyo atoaye habari hasaliti jirani. Atimiza wajibu aliopewa na serikali, nasi twaamini ni wajibu aliopewa na Mungu.

Na ikiwa mtoto amekwisha kukatwa? Kwanza kabisa, hospitali. Mambo mengine yote yafuate baadaye. Hapa yatupasa kujiangalia, ndugu wazee. Ikiwa mama aogopa kwamba akionekana hospitalini atatengwa na Meza ya Bwana siku iyo hiyo, atamfungia mtoto ndani, na mtoto atamwaga damu kwa sababu ya hofu tuliyoitia sisi. Nidhamu ya kanisa ina mahali pake, lakini isizibe njia ya kwenda kwa mganga. Tena ubatizo wa mtoto usiahirishwe kwa kosa la wakubwa. Yeye ndiye aliyekosewa. Na baraza la wazee lisijifanye mahakama, likasuluhisha kwa mbuzi na maneno ya toba jambo ambalo sheria yaliita ukatili. Toba ni kweli, na msamaha wa Mungu ni kweli. Lakini msamaha haumfichi mkosaji kwa gharama ya mtoto anayefuata.

Wala tusiwasahau wanawake waliokatwa walipokuwa wachanga, waketio kati yetu kila Jumapili. Tukifundisha somo hili, tusiwaaibishe. Wao hawakufanya neno. Wengi wao ndio watakaokuwa walinzi hodari kuliko wote, wakipewa nafasi ya kusema.

VII. Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini Farao alihitaji wakunga ili kutimiza shauri lake? Katika kijiji chetu, ubaya juu ya watoto wategemea ukimya wa nani?
2. Bwana Yesu aliwajibuje wanafunzi waliotafuta mwenye dhambi nyuma ya ugonjwa? Jibu lake lamfaaje mama aogopaye lawalawa?
3. Zahanati iliyo karibu nasi iko umbali gani, na ni nani katika usharika awezaye kumsindikiza mama usiku?
4. Wadhamini waliosimama na watoto wa mwaka uliopita wamewatembelea mara ngapi?
5. Tukipata habari leo, ni nani kati yetu atakayeinuka kwenda?

Maandiko yasema kwamba Mungu aliwatendea mema wakunga wale, akawajenga nyumba zao. Yeye hajabadilika. Naye Bwana aliyewakumbatia watoto, akawawekea mikono na kuwabariki, awape ninyi nyote moyo wa kumcha kuliko kuwacha wanadamu, na macho ya kumwona mtoto asiyeweza kuita. Amina.